Mgeni Huonyeshwa Pa Kukaa

Mwaka 1910 daktari Mkanada wa shirika la Kianglikana la CMS, T.W.W. Crawford, alifungua kituo cha misheni Kigari, ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, juu kidogo ya mji wa Embu. Miaka minne tu kabla ya hapo, Julai 1906, kikosi cha Waingereza kilikuwa kimewapiga Waembu na kuwanyang'anya mifugo yao. Mwaka mmoja baada ya Kigari, mapadre Waitaliano wa shirika la Consolata walikaa Mujwa, nchi ya Imenti. Mwaka 1912 Wamethodisti wakafika Kaaga, karibu na kituo kipya cha serikali cha Meru. Waskoti walichelewa, na daktari wao, Archibald Clive Irvine, hakukaa Chogoria hadi mwaka 1922. Kwa miaka 12 hivi mteremko wote wa mashariki ya mlima ukawa umegawiwa makanisa manne. Mpaka leo, mtu wa huko akikutajia kijiji chake, unaweza kukisia babu yake alibatizwa na nani, na mara nyingi hutakosea.

Vituo hivyo vinne vimeshonwa na barabara moja. Kutoka Embu hadi Meru ni kilomita 130 hivi, unapita Runyenjes, Chuka, njia panda ya Chogoria na Nkubu, huku mlima ukiwa mkono wako wa kushoto na nchi kavu ya Mbeere na Tharaka ikiteremka kulia. Mwenye gari la kukodi na dereva anayezijua njia za vumbi anaweza kuianza safari alfajiri na kuimaliza kabla ya giza. Wapo wanaofanya safari za namna hiyo kwingine duniani. Huko Bulgaria, mgeni wa mji wa Sofia hukodi gari na kiongozi, asubuhi akaone picha zilizochorwa mwaka 1259 kwenye kuta za kanisa la Boyana, mchana akapande milimani hadi monasteri ya Rila, iliyoanzia kwa mkaa-pweke Ivan katika karne ya 10. Mahali pote pawili pamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kiongozi wa Bulgaria ana kazi nyepesi kwa sababu kuta zimesema karibu kila kitu. Kwetu kuta ni changa, nyingi hazijatimiza hata miaka 100. Yaliyo ya kale ni miti, maji na baraza za wazee, na hayo hayasemi mpaka apatikane wa kuyasimulia.

Anayeisikiliza barabara hii vizuri atagundua jambo ambalo vitabu vya misheni havikupenda kulikiri. Wageni ndio waliochora mipaka kati ya kanisa na kanisa, lakini pale chini, kwenye udongo, palikuwa na wenyewe. Wazee ndio waliojua kilima kipi kina laana, kichaka kipi ni cha matambiko, na mgeni akae wapi.

Kwa hiyo safari isianzie Kigari. Ianzie karibu na Runyenjes, kwenye kichaka cha Mwenendega.

Waembu husimulia kwamba hapo ndipo Mungu alipomweka mtu wao wa kwanza, Mwenendega, kisha akampa mke mzuri kwenye maporomoko ya maji ya Mbui Njeru. Wengine humwita mke huyo Ciurunji, wengine Nthara. Wakapata mali na watoto. Wapo wanaoongeza kwamba kijana wao Kembu na dada yake Werimba walipendana kinyume cha desturi, wakafukuzwa nyumbani, na uzao wao ndio Waembu wa leo. Mwanahistoria H.S.K. Mwaniki, ambaye vitabu vyake kuhusu Embu na Mbeere vilitoka katika miaka ya 1970, alikusanya kutoka kwa wazee masimulizi ya aina mbili ambayo hayakubaliani kwa urahisi. Moja ni hilo la watu waliotokea papo hapo, kichakani. La pili ni la watu waliohama polepole kutoka upande wa Meru, wakishuka bonde hadi bonde. Sioni haja ya kuchagua. Simulizi la kwanza ni hati ya kumiliki ardhi, la pili ni kumbukumbu ya miguu, na taifa huhitaji yote mawili.

Kichaka cha matambiko kilikuwa na sheria zake kote katika nchi hii, Embu, Mbeere na hata kwa jirani zao Wagikuyu. Mti haukatwi. Kuni haziokotwi hata kama zimeanguka zenyewe. Wazee wa baraza tu ndio walioingia, na waliingia kwa sababu: mvua imekawia, tauni imeingia, au rika moja linaukabidhi utawala kwa lingine. Mnyama wa kafara alikuwa wa rangi moja, bila doa, na waombaji walielekeza nyuso mlimani. Wataalamu wa mimea wanaotafuta miti ya asili mashambani huku hupelekwa kwenye vichaka hivi kwanza, maana kwingine kote kumelimwa chai, kahawa na mahindi hadi ukingoni mwa mto.

Sasa Kigari ndiyo ieleweke. Crawford alikuja na dawa na kitabu, na waliomfuata wakaitwa athomi, wasomaji, kwa sababu katika nchi nzima ya mlima kubatizwa na kujua kusoma vilikwenda pamoja. Waliotoka hapo walikuwa walimu, makarani na wahubiri, na baadaye chuo cha walimu cha Kigari kikawa jina linalotambulika kote nchini. Lakini kituo hicho kilikaribia kuvunjika kati ya mwaka 1929 na 1931, wakati wamisionari walipowataka Wakristo waachane na tohara ya wasichana. Katika misheni za Waskoti ahadi hiyo iliwekwa kwa alama ya kidole gumba, na watu wakaiita kirore. Wengi hawakukubali. Hawakukataa Biblia, walikataa kuambiwa na mgeni nini maana ya kuwa mwanamke au mwanamume mzima. Wakatoka, wakajenga shule zao na makanisa yao, na ndiyo sababu leo ukipita kati ya Embu na Meru unakutana tena na tena na bango la AIPCA, kanisa huru la Waafrika.

Hapa pana mchepuko ambao msafiri aliyefika Rila atautambua. Wale waliotoka walikuwa na shule lakini hawakuwa na mapadre wa kubatiza watoto wao. Wakamwita askofu kutoka Afrika Kusini, Daniel William Alexander, wa kanisa lililojiita la Kiorthodoksi la Waafrika. Alikaa Kenya tangu mwaka 1935 hadi 1937, akawafundisha vijana, na kabla ya kuondoka akawapa upadre baadhi yao, mmoja wao akiwa Arthur Gatung'u Gathuna. Gathuna hakuridhika na nusu ya njia. Aliandika barua hadi Misri, na mwaka 1946 Patriarki wa Aleksandria akawapokea. Hivyo ndivyo ugomvi ulioanzia kwenye misheni za Waprotestanti kandokando ya mlima huu ulivyowafikisha baadhi ya wakulima kwenye imani ileile ya watawa wa Bulgaria, yenye ubani na picha za watakatifu. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali iliyafunga makanisa na shule huru kwa kuzishuku kuwa maficho ya Mau Mau. Zilifunguliwa tena baadaye, na Waorthodoksi wa eneo la mlima sasa wana dayosisi yao yenye makao Nyeri.

Waanglikana nao walikua. Mwaka 1975 iliundwa dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki chini ya askofu David Gitari, yule aliyekuja kuwa mwiba kwa serikali ya Rais Moi kwa mahubiri yake dhidi ya upigaji kura wa mlolongo. Mwaka 1990 dayosisi hiyo iligawanywa kuwa Kirinyaga na Embu. Wakatoliki walikuwa wametangulia kwa miaka minne: dayosisi ya Embu ilimegwa kutoka Meru mwaka 1986, na askofu wake wa kwanza alikuwa mwana wa Embu, John Njue, ambaye mwaka 2007 alifanywa kardinali.

Kutoka Runyenjes barabara inaanza kupinda. Mito inayotoka kwenye barafu na misitu ya mlima imechimba mabonde makali, na kila bonde lina daraja lake. La mto Nithi limeua watu wengi kiasi kwamba madereva wa njia hii hupunguza mwendo hata wakiwa na haraka. Wamisionari wa kwanza hawakuwa na madaraja. Mabonde haya haya yaliwafanya Wachuka, Wamwimbi, Waimenti na Watigania wakae kama nchi mbalimbali zenye lafudhi na mila zilizopishana, na yaliwafanya wageni wategemee mwenyeji kuvuka kila mto.

Chuka ndipo mahali pa kusimamisha gari na kusimuliwa habari za Mugwe, hata kama hakuna jengo la kuonyeshwa.

Wameru wanasema walitoka Mbwaa, kisiwa kilicho katika maji makubwa. Huko walitawaliwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, waliowatwisha kazi zisizowezekana. Waliwataka walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili, nao wakakata ngozi ya shingo ya ng'ombe. Walitakiwa walete mbwa mwenye pembe, nao wakambandika mbwa pembe za paa mdogo. Mwisho wakaagizwa wafue mkuki utakaofika mbinguni. Hapo wazee waliona kwamba wanatafutiwa kifo. Kiongozi wao, Koomenjoe, akawatoa usiku, akafika kwenye maji, akayapiga kwa fimbo, maji yakapasuka. Waliovuka wakati wa giza wakawa Njiru, weusi; waliovuka alfajiri wakawa Ndune, wekundu; waliovuka jua likiwa limechomoza wakawa Njeru, weupe. Koo za Meru hugawanyika hivyo hadi leo.

Msomaji wa pwani asiharakishe kucheka kwamba hiki ni kitabu cha Kutoka kimevaa shuka. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyehojiana na wazee wa Meru kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alipendekeza kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu, na kwamba uhamaji ulitokea mwanzoni mwa karne ya 18. Kati ya Manda na bara kuna mkono mwembamba wa bahari, Mkanda, ambao maji yakipwa huwa haba. Kundi la watu wanaoujua wakati wa maji kupwa linaweza kuvuka usiku, na wanaowafukuza wakakuta maji yamejaa. Huenda wasomaji wa Biblia walilipamba simulizi hili baadaye. Lakini Bernardo Bernardi, padri wa Consolata aliyelichunguza kwa undani, alilikuta limefungamana na cheo ambacho hakikuletwa na misheni yoyote.

Cheo hicho ni Mugwe. Hakuwa mfalme, maana Wameru hawakuwa na mfalme. Hakuwa mganga. Kazi yake ilikuwa kubariki: vijana wanaokwenda vitani, rika linaloingia madarakani, nchi isiyopata mvua. Imenti, Tigania, Igembe, Tharaka na Chuka kila moja ilikuwa na wake. Nguvu ya Mugwe wa Imenti ilikuwa katika mkono wake wa kushoto, na mkono huo ulifunikwa daima. Aliyeuona, iliaminika, angekufa. Kitabu cha Bernardi kilipochapishwa mwaka 1959 jina lake lilimwita Mugwe nabii anayeshindwa, kwa kuwa mwandishi aliona waumini wakimhama. Toleo la Nairobi la mwaka 1989 lilibadili jina: nabii anayebariki. Padri aliyetumwa kuwabadili watu alikubali kubadili jalada la kitabu chake, na mimi humheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa utafiti wake wote.

Chogoria iko juu ya barabara kuu, kwenye miinuko ya Mwimbi. Misheni ya Waskoti ilikuwa imeshika mizizi Kikuyu na Tumutumu muda mrefu kabla ya kufika huku, na walimu Waafrika kutoka huko walitangulia kuhubiri kabla ya daktari kuja kukaa. Irvine alijenga hospitali, kanisa na shule, na kwa pesa alimtegemea baba mkwe wake, Ernest Carr, mfanyabiashara wa Nairobi. Carr alipenda milima kiasi cha kuchimba njia ya gari kutoka Chogoria hadi kwenye mbuga za juu na kujenga vibanda vya wapanda mlima katika miaka ya 1920. Wapandao Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria bado wanamfuata. Hospitali ya Chogoria ingali inatibu, na kwa miaka mingi imejulikana kwa huduma zake za afya vijijini. Kwa mtalii wa siku moja, kanisa na hospitali vinatosha kwa nusu saa. Asikae sana, bado kuna njia ndefu.

Ukipita Nkubu unakaribia Ikweta, ambayo inaikata barabara kabla ya kuingia mji wa Meru. Mujwa iko upande huu wa Imenti. Wana-Consolata walianzishwa Torino mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, ambaye Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu Oktoba 2024, na mwaka 1902 wanne wao walifika Tuthu, Murang'a, kwa chifu Karuri. Miaka tisa baadaye walikuwa Mujwa. Walikuja kama wakulima na mafundi: walikata mawe, walipasua mbao, walipanda mboga za Ulaya, kisha wakafundisha katekisimu. Meru ikawa eneo la kitume linalojitegemea mwaka 1926, na dayosisi kamili mwaka 1953. Vita vya pili vya dunia viliwapata wakiwa raia wa nchi adui. Waingereza waliwakamata mapadre Waitaliano na kuwaweka kizuizini, na kwa miaka hiyo parokia ziliendeshwa kwa kiasi kikubwa na makatekista Wameru. Nadhani hapo ndipo Ukatoliki wa Meru ulipopata wenyewe.

Habari za Kaaga zina historia ndefu zaidi, na inaanzia pwani. Thomas Wakefield aliwasili Ribe, juu ya Mombasa, mwaka 1862, na Wamethodisti wakafungua misheni ambayo kwa nusu karne ilisumbuliwa na homa, njaa na uvamizi. Mchungaji J.B. Griffiths alitoka pwani kuja kuitazama nchi ya Meru, na Reginald Worthington ndiye aliyekaa. Wakati huo Meru ilikuwa na mtawala mmoja, E.B. Horne, aliyeingia mwaka 1907 na kuanzisha kituo cha serikali mwaka uliofuata. Wameru walimwita Kangangi, mzururaji mdogo, kwa sababu hakutulia mahali pamoja.

Kulingana na masimulizi aliyoyakusanya Fadiman, Kaaga palikuwa mahali pa waganga wa kuondoa laana, na watu wa kawaida walipaogopa. Wazee hawakusema hapana kwa Wazungu, maana ya Embu ya mwaka 1906 walikuwa wameyasikia. Walimwonyesha Worthington pa kukaa, wakangoja waone kama nguvu za mahali pale zitamhamisha. Worthington hakuhama. Miti ikakatwa, nyumba zikajengwa, na mwaka baada ya mwaka asipodhurika, baadhi ya vijana wakaanza kujiuliza nguvu za nani ni kubwa zaidi. Si kawaida kwa adhabu iliyotegwa kugeuka kuwa mahubiri, na nadhani hakuna mhubiri wa Kimethodisti aliyefanya kazi kubwa Kaaga kuliko huo ukimya wa mizimu.

Leo Kaaga ina shule, kanisa na makao ya Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichoanza mwaka 1997. Kanisa la Kimethodisti Kenya lilipata uhuru wake kutoka Uingereza mwaka 1967, na muda mfupi baadaye likaongozwa na mwana wa Meru, Lawi Imathiu, ambaye alikuja kuwa mwenyekiti wa Baraza la Wamethodisti Duniani. Kutoka kichaka cha waganga hadi kiti hicho si hata miaka 80.

Mjini Meru msafiri apite haraka. Jumba la makumbusho liko katika jengo la mawe la zamani lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, na ndani kuna mfano wa boma la Kimeru na bustani ya miti shamba. Kama ana siku ya pili, apande njia ya Nanyuki akaulizie maziwa mawili ya msituni yaliyo katika vinywa vya volkeno zilizozimika: Nkunga, ambalo wenyeji walihusisha na joka kubwa la majini, na lile la juu yake, takriban mita 2,350 kutoka usawa wa bahari, ambalo wanasayansi wanaliita Ziwa Takatifu. Mwaka 1967 J.A. Coetzee wa Afrika Kusini alichapisha uchunguzi wa chavua iliyotolewa katika tope la ziwa hilo. Tope lile limetunza historia ya misitu ya mlima kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Mwisho wa njia ni Nchiru, Tigania, kwenye barabara ya kwenda Maua. Hapa ndipo makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, mahali palipotambuliwa na serikali kuwa kumbukumbu ya taifa. Kuingia Njuri ni kwa kiapo na kwa mnyama wa kuchinjwa, na mambo ya ndani hayasimuliwi. Horne na waliomfuata mwanzoni waliiona kama kundi la siri la kuogopwa, na wamisionari waliwakataza Wakristo kuingia. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1930, alipokuja mkuu wa wilaya H.E. Lambert. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Lambert kwa kazi nyingine: ndiye aliyeandika kuhusu lahaja za Chi-Vumba, Chi-Jomvu na Chi-Chifundi. Meru alifanya lilelile alilolifanya Vanga na Jomvu: alikaa na wazee akawasikiliza. Akaona kwamba hukumu za Njuri zinatiiwa na zile za machifu wa serikali zinakwepwa, akairudisha Njuri hadharani. Kiapo kikarekebishwa ili Mkristo aweze kukila bila kuvunja imani yake, na Wamethodisti wakaanza kuingia.

Baraza lililopewa heshima na serikali hulipa gharama yake. Mwezi wa Aprili 1956, Mau Mau ikiwa inakaribia mwisho, Njuri ilikutana hapa na kupiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru yote. Jambo lililowatoa Wakristo makanisani mwaka 1929 sasa lilikuwa amri ya wazee wenyewe, huku afisa wa serikali akiwa nyuma yao. Wasichana walijibu kwa kutahiriana wao kwa wao vichakani, kwa nyembe za dukani, bila sherehe na bila bibi. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyewahoji baadhi yao walipokuwa wazee, anaeleza kwamba katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuivunja amri hiyo, wasichana, mama zao na baba zao. Marufuku ikafifia. Katika safari nzima hakuna mahali panapoonyesha wazi zaidi kwamba hata wazee wanaojua kila kichaka hawawezi kuwaonyesha binti zao pa kukaa kwa amri ya mgeni. Tohara hiyo imepigwa marufuku na sheria ya Kenya tangu mwaka 2011, na Njuri ya leo inaipinga.

Wanasiasa wanajua njia ya Nchiru vizuri kuliko watalii. Kila msimu wa uchaguzi huja kuvikwa joho na kupewa fimbo, kisha hupigwa picha. Wazee huwapokea wote. Lakini jambo kubwa waliloamua katika kizazi hiki halikuwa la siasa: walitoa ardhi ya Njuri ijengwe chuo, na chuo hicho mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru.

Anayetaka kuifanya safari hii aondoke Embu alfajiri na asiendeshe Nithi usiku. Atafute dereva aliyezaliwa kando ya njia hii, si aliyetumwa kutoka Nairobi. Runyenjes aulize kwanza mzee wa mtaa kabla ya kukanyaga kichaka, na asichume hata jani. Nchiru aombe ruhusa siku kadhaa kabla, aeleze yeye ni nani na anatafuta nini. Akiwa ni mwanamke aulize mapema anaruhusiwa kufika wapi, kwa sababu ndani ya nyumba ya baraza wanaingia wanachama peke yao. Mwanamume asiyekula kiapo naye atabaki nje hivyo hivyo.